Mheshimiwa Bado ni Diwani

Tangu Machi 2013, Kenya haina diwani hata mmoja kwa mujibu wa sheria. Sheria ya Serikali za Mitaa, Sura ya 265, iliyomlea kwa miongo kadhaa, ilifikia kikomo, na pamoja nayo yakazikwa mabaraza 175 ya miji, manispaa na kaunti za zamani. Mahali pake zikaja kaunti 47, mabunge 47 na wadi 1,450, kila wadi ikimchagua mjumbe wa kutunga sheria. Hata hivyo, fungua gazeti la Kiswahili leo asubuhi na utasoma habari za "madiwani" waliotofautiana na gavana, "madiwani" waliosafiri ng'ambo, "madiwani" waliotishia kulala bungeni mpaka marupurupu yalipwe. Wanafunzi wangu huniuliza kama waandishi hao wanakosea. Huwajibu kwamba kisheria wanakosea, lakini kwa hakika ya mambo hawajakosea hata kidogo. Lugha ni shahidi asiyenunulika kwa urahisi: ilimwona kansela akivuliwa jina la zamani na kuvishwa koti la mbunge, ikamtazama vizuri, ikakataa kumbadilishia jina.

Hoja yangu katika makala haya ni moja. Ugatuzi wetu hauzoroti kwa sababu ya magavana wabaya pekee. Unazorota kwa sababu yule tuliyemweka kumchunga gavana anaendelea kufanya kazi ya zamani katika ofisi mpya. Tulimpandisha cheo diwani bila kumbadilishia kazi, kisha tukashangaa kwamba anaitenda kazi aliyoizoea.

Tumwelewe kwanza alikotoka, maana si haki kumhukumu mtu bila kujua shule aliyosomea. Baraza la mtaa katika Kenya huru lilikuwa mtoto aliyenyimwa mkate tangu utotoni. Mwaka 1969, Bunge la taifa lilipitisha sheria ya kuyapokonya mabaraza ya kaunti shule za msingi, huduma za afya na barabara, yaani kila kitu ambacho kingemfanya mwananchi aone faida ya kuwa na baraza. Yaliyobaki yalikuwa masoko, ada za vibanda, leseni ndogondogo, makaburi na takataka. Waziri wa Serikali za Mitaa alishika hatamu zote: aliteua madiwani wa ziada, aliidhinisha bajeti na sheria ndogo, na alipokasirika aliweza kulivunja baraza zima. Jiji la Nairobi lenyewe lilikaa chini ya tume iliyoteuliwa kuanzia mwaka 1983 hadi 1992, kana kwamba wakazi wake walikuwa watoto wanaohitaji mlezi.

Mtu aliyechaguliwa kuingia katika chombo cha aina hiyo angejifunza nini? Hangejifunza kutunga sheria, kwa kuwa hakuwa na sheria ya maana ya kutunga. Hangejifunza kuikagua serikali, kwa kuwa serikali ilikuwa juu yake, si mbele yake. Alijifunza kugawa. Aligawa vibanda sokoni, aligawa ajira za ukarani na ufagiaji, aligawa viwanja. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 kuhusu unyakuzi wa ardhi ya umma iliyataja mabaraza hayo miongoni mwa wahusika wakuu: ardhi waliyokabidhiwa waitunze kwa niaba ya wananchi, waligawiana. Na ulipowadia uchaguzi wa meya, uliofanywa na madiwani wenyewe, kura ya diwani iligeuka kuwa bidhaa yenye msimu wake, kama maembe. Hiyo ndiyo shule. Somo lake kuu lilikuwa kwamba siasa ya mtaani ni ugawaji, na mgawaji hula wa kwanza.

Kisha ikaja Katiba ya 2010. Kifungu cha 185 kilimpa mwakilishi wa wadi mamlaka ambayo kansela hangeyaota: kutunga sheria za kaunti, kupitisha mipango na bajeti, na kuichunguza serikali ya kaunti katika kila inachokitenda. Kifungu cha 181 kiliweka njia ya kumwondoa gavana, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 ikaifungua njia hiyo kwa theluthi mbili ya kura za wajumbe. Fedha nazo zikaja. Mgao wa usawa kwa kaunti ulianza na shilingi bilioni 190 katika mwaka wa fedha wa 2013/14. Kufikia 2024/25 ulikuwa shilingi bilioni 387.4. Hakuna kansela wa Sura ya 265 aliyewahi kupiga kura juu ya fedha za kiasi hicho.

Waandishi wa sheria, tena, walijua wanamkabidhi nani madaraka haya. Ndiyo maana sehemu ya 9 ya Sheria ya Serikali za Kaunti inamkataza mjumbe wa bunge la kaunti kujihusisha, moja kwa moja au kwa njia ya mzunguko, na kazi za utendaji za serikali ya kaunti, au kutoa huduma kana kwamba yeye ni mwajiriwa wa serikali hiyo. Naomba watumishi wa umma wanaonisoma wairudie sentensi hiyo polepole. Kisha wajiulize ni mara ngapi mwezi huu wamepokea simu ya Mheshimiwa akitaka kujua mkandarasi wa barabara fulani ni nani, au akielekeza kisima kichimbwe karibu na boma la nani, au akiwa na orodha ya vijana "wetu" wa kuajiriwa. Sheria ilitabiri tabia hiyo kabla ya bunge la kwanza kuapishwa, ikaipiga marufuku. Nasi tumeigeuza kuwa kipimo cha uchapakazi.

Matendo ya kwanza ya mabunge haya yalitosha kutufunza. Mwaka 2013, kabla wino wa viapo haujakauka, wajumbe katika kaunti nyingi waligoma kudai nyongeza ya mishahara. Sisemi kwamba mjumbe hana haki ya kulipwa vizuri. Nasema kwamba chombo kipya hujitambulisha kwa vita vyake vya kwanza, na vita vya kwanza vya mabunge yetu havikuwa vya hospitali wala maji.

Lakini mfano ambao hautafutika ni wa Februari 2021. Mswada wa kuigeuza Katiba uliotokana na mpango wa BBI uliletwa mbele ya mabunge ya kaunti. Kifungu cha 257 kiliyapa miezi mitatu kuutafakari, na muda huo haukuwekwa kwa mapambo: mswada ulihusu muundo wa serikali ya taifa, ugavi wa fedha na idadi ya maeneo bunge. Mapema mwezi huohuo, mikopo ya magari ya wajumbe iliidhinishwa kugeuzwa ruzuku ya shilingi milioni mbili kwa kila mmoja. Kufikia jioni ya tarehe 23 Februari, idadi ya mabunge 24 iliyohitajika ilikuwa imepita. Mwishowe mabunge zaidi ya 40 yaliunga mkono. Sidai kwamba kila kura ilinunuliwa. Wapo walioamini mswada kwa dhati, na wapo walioukataa, Bunge la Baringo likiwa la kwanza. Ninachosema ni kwamba nchi nzima iliutazama mswada mkono wa kushoto na gari mkono wa kulia, na hakuna bunge lililoona haja ya kusema, "Tuondoleeni kwanza ruzuku hii tusije tukashukiwa." Mahakama Kuu iliusimamisha mpango huo tarehe 13 Mei 2021, na tarehe 31 Machi 2022 Mahakama ya Juu ikathibitisha kwamba Rais hakuwa na mamlaka ya kuuanzisha kwa njia iliyotumika. Kazi ya kuitetea Katiba ilifanywa na majaji na raia waliokwenda kortini. Mabunge ya kaunti, yaliyozaliwa na Katiba hiyohiyo, yalikuwa yameshapiga kura na kwenda zao.

Hapa watetezi wa Mheshimiwa hunijibu kwa hoja tatu, nami nitazijibu kwa heshima zinayostahiki.

Hoja ya kwanza: mabunge ya kaunti yana meno, na yameuma. Ni kweli. Bunge la Embu lilimwondoa gavana mapema mwaka 2014, ingawa mahakama zilimrejesha. Gavana wa Kiambu aliondolewa kazini Januari 2020 na wa Nairobi Desemba 2020, Seneti ikithibitisha kote kuwili. Gavana wa Meru alishtakiwa na bunge lake mara tatu, Desemba 2022, Oktoba 2023 na Agosti 2024. Seneti ilimnusuru mara mbili na kumwondoa mara ya tatu. Lakini kumwondoa gavana ni upasuaji, na daktari anayefahamu upasuaji peke yake hafai kuendesha zahanati. Uangalizi wa kweli ni kazi ya kila siku, kavu, isiyo na kamera. Ni kusoma ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ukurasa kwa ukurasa na kuijadili ndani ya miezi mitatu, kama kifungu cha 229 kinavyoamuru. Ni kuuliza kwa nini maendeleo hayapati ile asilimia 30 ya bajeti inayotakiwa na sheria ya fedha za umma. Ni kuuliza kwa nini kufikia 2024 kaunti zilikuwa zikidaiwa na wakandarasi na wauzaji zaidi ya shilingi bilioni 150, madeni ambayo kila moja lina mwenye duka aliyefunga au mkandarasi mdogo aliyeuziwa nyumba. Madeni hayo hayakuota usiku mmoja kama uyoga. Yalilimbikizwa mwaka baada ya mwaka, na kila mwaka ulikuwa na bajeti iliyosomwa, ikajadiliwa, ikapigiwa kura na Mheshimiwa. Ukimwona mlinzi anamshika mwizi nyumba ikiwa tayari tupu, msifu kwa mbio zake, lakini usimwongezee mshahara.

Hoja ya pili: shida ni elimu, walete wenye shahada na mambo yatanyooka. Sharti la shahada kwa wajumbe wa kaunti liliwahi kuwekwa katika Sheria ya Uchaguzi, na Oktoba 2021 Mahakama Kuu ikalitupa kwa kuwa lilikiuka Katiba. Mimi ninayelipwa kuwafundisha watu wapate shahada nasema mahakama ilikuwa sahihi. Ndani ya mabunge yetu wamo wanasheria na wahasibu waliosoma katika vyuo tunavyojivunia, na wamejifunza ugawaji kwa kasi kuliko makansela waliowatangulia. Kwa upande mwingine, yupo aliyekuwa diwani miaka ya zamani, asiye na cheti cha kujivunia, anayejua kila mfereji wa wadi yake na anayeweza kukwambia papo hapo kama zahanati iliyoandikwa kwenye bajeti ipo au haipo. Maarifa hayo ni hazina. Kinachokosekana ni mazingira ya kuyatumia kumhoji gavana badala ya kumwomba.

Hoja ya tatu ndiyo nzito: mwananchi mwenyewe ndiye anayetaka hivyo. Mkono mtupu haulambwi. Mama mwenye mtoto aliyefukuzwa shule kwa karo hamuulizi Mheshimiwa alisema nini kwenye kamati ya hesabu. Anauliza fomu ya basari iko wapi. Siwezi kumlaumu mama huyo, na yeyote anayemwita mjinga hajawahi kukaa na risiti ya karo isiyolipika. Anafanya jambo la busara katika mazingira aliyopewa: serikali kwake ni mtu, na mtu huyo ana simu. Tatizo halianzi kwake. Linaanzia kwenye mpangilio unaomfanya haki yake ionekane kama fadhila ya mwanasiasa.

Tuuangalie mpangilio huo kwa makini, maana hapa ndipo mtego ulipo. Elimu iliyokabidhiwa kaunti na Jedwali la Nne la Katiba ni ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Shule za upili si zake. Hata hivyo basari za kaunti na hazina za wadi zimekuwa moyo wa siasa ya mabunge haya, kiasi kwamba Msimamizi wa Bajeti alipotaka, Januari 2025, zizingatie makubaliano rasmi na serikali ya taifa, wajumbe walipiga kelele ambazo hatujawahi kuzisikia kuhusu ripoti yoyote ya ukaguzi. Na ni rahisi kuona sababu. Basari na mradi wa wadi hutoka katika bajeti ya kaunti. Bajeti ya kaunti huandaliwa na serikali ya gavana. Na hata ikishapitishwa, ni ofisi za gavana zinazoamua mradi upi utangazwe zabuni mwezi huu na upi usubiri. Kwa hiyo yule anayepaswa kumhoji gavana anamhitaji gavana ili achaguliwe tena. Mjumbe mkali huona barabara ya wadi yake ikikwama kwa "taratibu za ununuzi". Mjumbe mpole huona tingatinga likifika. Baada ya miaka miwili ya somo hilo, hata jasiri hujifunza upole. Hatuhitaji bahasha wala mkutano wa usiku hotelini kulieleza jambo hili. Mpangilio wenyewe unatosha.

Nchi hii imewahi kuyaona mabunge ya majimbo yakifa. Mei 1963 Wakenya walichagua mabunge saba ya majimbo chini ya katiba iliyopiganiwa na chama cha KADU. Kiongozi wa chama hicho, Ronald Ngala, alikuwa amepitia baraza la manispaa ya Mombasa kabla ya kuingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1957, na hoja yake ilikuwa nzito: jamii ndogo zisipokuwa na chombo chao karibu nao, zitamezwa na Nairobi. Serikali kuu iliyanyima majimbo fedha na watumishi. Lakini tusikomee hapo, kama tunavyopenda kukomea. Wajumbe walianza kuvuka upande mmoja mmoja, kila mmoja akiwa na sababu ya maendeleo ya watu wake, na tarehe 10 Novemba 1964 Ngala mwenyewe alikivunja chama na kujiunga na KANU. Mwezi uliofuata Kenya ikawa jamhuri na majimbo yakabaki ganda. Wapwani wengi humkumbuka Ngala kwa heshima, nami pia. Heshima hiyo hainizuii kusema kwamba wazo kubwa haliuawi na adui wake peke yake. Linahitaji pia walinzi waliochoka kukaa njaa mlangoni, wakaamua kuhamia jikoni.

Ndiyo sababu sicheki ninaposikia wananchi wakisema heri mabunge ya kaunti yavunjwe, kwamba ni gharama tupu. Hasira yao ni halali na hitimisho lao ni hatari. Ukilivunja bunge, gavana hatapungua nguvu. Atabaki peke yake na mabilioni yale. Wanaotamani kuurudisha uamuzi wote Nairobi hawahitaji kupigana na ugatuzi. Wanahitaji kungoja tu mpaka Mheshimiwa aufanye uchukize.

Basi tufanye nini? Kwanza, tuutenganishe mkono unaogawa na mkono unaohesabu. Karo ya mtoto maskini ilipwe kwa vigezo vya sheria, na ofisi ya elimu, jina la mwanasiasa lisionekane popote. Mahakama zetu zimeshaonyesha mwelekeo: Agosti 2022 Mahakama ya Juu iliitangaza sheria ya CDF ya mwaka 2013 kuwa kinyume cha Katiba, na Septemba 2024 Mahakama Kuu ikafikia uamuzi kama huo kuhusu sheria iliyoirithi. Haiingii akilini kwamba kile tunachowakataza wabunge wa taifa tukawafungulie wawakilishi wa wadi.

Pili, kumbukumbu za bunge la kaunti zichapishwe kwa Kiswahili na zibandikwe wadini: nani alihudhuria, nani aliuliza nini, nani alipiga kura vipi. Kifungu cha 7 kinakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Inakuwaje makadirio ya bajeti yaandikwe kwa Kiingereza cha wahasibu, kisha mkulima aitwe kwenye "ushirikishi wa umma" ahesabiwe kichwa, apewe soda, aondoke? Kifungu cha 196 hakikudai mahudhurio. Kilidai ushiriki.

Tatu, nanyi watumishi wa umma. Najua mnavyoishi, na sitawaomba muwe mashujaa. Nawaomba jambo dogo linalowalinda hata nyinyi: simu ya Mheshimiwa ijibiwe kwa maandishi. Mwambieni kwa adabu, "Tafadhali Mheshimiwa, tuletee barua kupitia kwa karani wa bunge." Agizo lisiloweza kuandikwa, mara nyingi, ni agizo lisilopaswa kutolewa. Na nanyi mnaofanya kazi katika ofisi za mabunge, mjumbe akitaka kweli kuisoma ripoti ya ukaguzi, mfanyieni muhtasari unaoeleweka. Wapo wanaotaka. Wasikose msaada kwa sababu wenzao wamewachosha.

Nne, nanyi wanafunzi. Uchaguzi ujao ni tarehe 10 Agosti 2027. Mnabishana usiku kucha kuhusu urais, ofisi ambayo kura yenu ni tone baharini, na wengi wenu hamwezi kulitaja jina la mwakilishi wa wadi yenu, ofisi ambayo mara nyingi huamuliwa na kura mia chache. Nendeni mkaketi katika jukwaa la wageni la bunge la kaunti yenu siku ya kusomwa bajeti. Anayewania kiti hicho akija kwenu, msimuulize atawaletea nini. Mwulizeni ni ripoti ipi ya ukaguzi ya kaunti hii aliyoisoma, ni matumizi yapi angeyakataa, na kama angekubali wadi yake inyimwe mradi kwa kuyakataa. Swali la tatu ndilo mtihani. Anayelijibu kwa "inategemea" ni diwani. Anayesema ndiyo, akaweza kuwaeleza wapiga kura wake kwa nini hasara hiyo ya mwaka mmoja ni faida yao ya miaka kumi, huyo anastahili kuitwa mbunge, na nina hakika lugha haitachelewa kumwita hivyo.